Mama Harudi Likizo Safari Hii

Tarehe 30 Juni, mama yangu anastaafu baada ya kulitumikia kanisa kama mmisionari kwa miaka thelathini na mmoja, katika nchi tano. Katibu wa kanisa aliniomba niandike wasifu huu kwa kuwa, alisema, hakuna anayemjua kama mimi. Niliitikia kwa kichwa, kisha nikaenda kumuuliza mama mdogo, aliyenilea, maana mengi sikuyajua. Shuleni tunasoma kwa lugha mbili, na zote mbili hunikimbia nikisimama mbele ya watu. Kwenye karatasi huwa zinarudi kidogo kidogo.

Mama alianza kama mwalimu wa shule ya Jumapili. Alipotumwa nje, kokote alikofika alijifunza lugha ya sokoni kabla ya lugha ya mimbarini. Husema kwamba asiyejua kuuliza bei ya vitunguu hana haki ya kumhubiria muuza vitunguu.

Katika nchi ya tatu hapakuwa na jengo la kusalia. Fundi baiskeli mmoja aliwaazima karakana yake, kwa sharti kwamba kazi yake isisimame. Basi Mama akihubiri, fundi anagonga. Mama akipandisha sauti, nyundo nayo inapanda. Ikawa kama wanashindana. Ulipita karibu mwaka mzima, hadi Jumapili moja nyundo ikanyamaza katikati ya mahubiri. Mama alishtuka hata akasahau andiko alilokuwa akilifafanua. Leo fundi yule ni mchungaji wa usharika mkubwa. Akipiga simu humwita "Mama" bila hata kufikiri, nami nikimsikia naona wivu. Wako watu katika nchi tano waliomwita hivyo mara nyingi kuliko mimi.

Mimi ndiye kifungua mimba wake, na ndiye kitinda mimba. Alinipata umri umekwenda. Baba alifariki kabla sijaanza shule, Mama akarudi kazini, mimi nikabaki na mama mdogo. Akija likizo nilikuwa namzoea siku ile anapoanza kufunga mizigo.

Wamisionari wapya aliwafundisha kanuni ya ugeni: lala ulipoonyeshwa, kula ulichopewa, usifungue kabati la mwenyeji. Kanuni hiyo ilimwingia mwilini. Likizo moja mama mdogo alidhani nimemwonyesha Mama chumba, nami nikadhani kaonyeshwa na mama mdogo. Asubuhi tukamkuta amejikunyata kwenye kochi la sebuleni, viatu kavipanga ukutani, ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mama mdogo alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilicheka kidogo. Nilipomletea chai, alituombea baraka kwa ukarimu wetu. Nilitamani kumwambia kwamba mimi si mwenyeji wake, ni mwanawe, lakini nikamwongezea sukari tu.

Mwezi uliopita, Mama akiwa amesharudi nyumbani kungoja siku ya kustaafu, kamati ya umisheni ilimwomba aongeze mwaka mmoja, akawaongoze wamisionari wapya huko waendako. Sikuwalaumu, nani mwingine angeiweza kazi hiyo? Mama alisema ataomba kwanza. Jioni akaniuliza mimi naonaje. Nikamjibu kwamba ni sawa tu. Moyoni nilikuwa nasema neno jingine kabisa.

Wiki hiyo hiyo nilichelewa kurudi kutoka mazoezi ya kwaya, na sikuwa nimeaga. Nilipofungua mlango, Mama alikuwa amesimama sebuleni, mikono kiunoni.

"Unatoka wapi saa hizi? Kwani hapa ni gesti, mtu anaingia anapotaka? Weka hilo begi, vyombo vinakungoja. Na usininunie."

Hakuwa amewahi kunigombeza hata siku moja. Mgeni hamgombezi mtoto wa mwenyeji. Mama mdogo, aliyekuwa jikoni, alijiziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia sahani. Niliomba samahani, nikaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi, ili nisigeuke wakaniona ninavyolia.

Kesho yake Mama alimwendea mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyenisimulia jibu alilopewa: "Nina mtoto sijamaliza kumlea. Nikisema kweli, nimeanza jana."

Mama, kanisa linakushukuru kwa kila mlango uliobisha na kila lugha uliyojifunza ukubwani. Tunamwomba Mungu akupe afya, usingizi usio na saa ya kuwahi basi, na uzee wenye vicheko. Kila mtu leo atakwambia karibu nyumbani. Mimi sitakwambia, kwa kuwa karibu huambiwa mgeni. Wewe ingia tu.