Ni Nani Aliyepalilia Shamba la Yoramu?

Wapendwa, Bwana asifiwe! Mh! Leo mmeamka na njaa? Naomba tena, Bwana asifiwe sana! Haya, sasa naona tuko pamoja.

Mimi naitwa Damari, mjane wa Yoramu, aliyekuwa askari. Mchungaji amenipa nafasi hii kwa sababu leo tunawakumbuka askari wetu waliotangulia, akanionya nisizunguke. Nitajitahidi, lakini mnanijua. Tangu utotoni mimi ni mtu wa kutaka kujua. Chungu kikifunikwa, lazima nifunue. Mama yangu alikuwa akisema, "Wewe mtoto, macho yako hayo yatakuponza." Ndugu zangu, hayakuniponza. Bwana aliyatumia macho hayohayo kuniokoa!

Yoramu alikwenda vita vya Kagera na vijana wengine wa kijijini kwetu, kule njia ya Mtera. Akarudi. Lakini maneno aliyaacha hukohuko. Nilimuuliza mengi, nani asiyejua ninavyouliza? Mlilala wapi? Mlikula nini? Watu wa kule wanalima mtama kama sisi? Ananitazama weee, halafu anasema, "Damari, hebu niletee maji ya kunywa." Basi, nakwenda kuleta maji.

Tuliishi vizuri, tukapata watoto, kisha kifua kikamshika na akafa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mnada umejaa mitumba, na kila mwenye nguvu anakimbilia kuuza kitu. Mimi sikuwa na nguvu wala kitu cha kuuza. Nilikuwa na watoto wadogo, mguu mmoja unaovimba kila nikiinama, na shamba la mtama lililo mbali na nyumba.

Sasa kwetu Ugogoni, mtu akishindwa na shamba hupika pombe, akaita majirani. Wanapalilia, kisha wanakunywa na kuimba. Mimi nilishaokoka, na niliapa mtungi wa pombe hautaingia ndani mwangu. Nikapika uji wa uwele, nikaita watu. Walikuja wawili, na mmoja wao alikuja kuhakikisha kama kweli ni uji! Alipoonja, akakumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Magugu yakapanda, yakawa sawa na mtama. Mnaokaa mjini hamjui maana yake. Kwetu mvua ni chache, magugu yakikuwahi, umekwisha, watoto watakula nini? Nililia sana wiki ile. Jumapili nikaenda kuimba kwaya na macho yamevimba. Jumatatu nikachukua jembe, nikajikokota mpaka shambani.

Ndugu zangu! Shamba limepaliliwa lote!

Tena si kupaliliwa hivihivi. Mistari imenyooka, magugu yamekung'utwa udongo yakalazwa upande mmoja, na kila kona imekatwa sawasawa. Nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu nikainuka nikaanza kuchungulia, maana kushukuru ni kushukuru na kujua ni kujua. Nikaona nyayo za buti za jeshi kwenye mchanga. Kisigino cha kushoto kilikuwa na kipande cha tairi kilichoshonwa kwa mshazari. Kipande kile nilikijua. Yoramu alikishona mwenyewe mlangoni petu, mimi nimemshikia uzi.

Mume wangu nilimzika. Nilimwona akishushwa kaburini, nikatupa udongo kwa mkono wangu huu. Sasa hizi nyayo zake zimetoka wapi?

Nikanyamaza. Lakini jambo halikunyamaza. Magugu yakiota tena, Jumapili tukiwa kanisani yanaondolewa. Siku moja mchunga ng'ombe mmoja akapita kwa mbali, akaona mtu mrefu ndani ya shamba letu, amevaa koti la jeshi, anapalilia. Yoramu alikuwa mrefu, na koti lake kila mtu alilijua. Yule bwana aliacha ng'ombe wa watu, akakimbia mpaka kijijini, hata salamu hakutoa.

Basi, yakaanza. Damari ana msukule! Wanasema mchawi humfanya mtu aonekane amekufa, kumbe amemficha anamlimisha, na kaburini kumelala mgomba. Mgomba jamani! Ugogoni kwetu, hata mtungi wa maji tunaufuata mbali, mgomba nautoa wapi mimi? Nikasema hivyo kisimani, nikidhani watacheka. Hakuna aliyecheka. Wanawake walichukua ndoo zao, mmoja mmoja, wakaondoka. Walinikata kama mkia.

Kwenye kwaya nikaambiwa nipumzike kidogo. Watoto wangu wakakosa wa kucheza naye. Kisha wazee wakakubaliana kumleta mtaalamu wa kutoa uchawi, wale wanaopita vijijini wakinyoa watu nywele na kuwatangaza. Atafika wiki inayofuata. Nikinyolewa, nafukuzwa kijijini, na watoto wanabaki kwa ukoo wa baba yao. Hayo sikuyasikia kwa umbea, niliambiwa usoni. Ndugu zangu, niliogopa! Usiku sikupata usingizi, mchana sikupata hamu ya kula.

Siku moja wiki hiyohiyo, jua limesimama utosini, nikaona Bibi Mbeleje anakuja na jogoo kwapani. Bibi huyu alikuwa jirani yangu, na mwanawe Lazaro alipanda lori moja na Yoramu kwenda vitani. Lazaro hakurudi. Watu walikuja kumwambia tu kwamba amefariki, hakuletewa mwili wala kitambaa. Kila alipomuuliza Yoramu, mume wangu aliinamisha kichwa, akasema, "Mama, tusamehe." Basi bibi wa watu alibaki hivyohivyo, hata matanga hakuyaweka, maana atamlilia nani bila kaburi?

"Shikamoo mama," nikamwambia, "karibu ukae."

"Marahaba. Sikai. Damari mwanangu, wenzangu wanakuchukia, mimi nimekuja kukuomba. Kama wako umemrudisha, nirudishie na wangu. Hata kama hasemi. Hata kama ni wa kulima tu. Nitampikia."

Akanisogezea jogoo. Nilimkumbatia, tukalia pamoja, jogoo anapiga kelele katikati yetu. Alipoondoka nikajua nimefika ukingoni. Kama huyu anayenipenda ameamini, nani atanitetea? Na tena, huyu mama nitamjibu nini? Nikaingia ndani nikaomba maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba. Nikasema, "Bwana, mimi muujiza siuombi. Nionyeshe tu ni nani."

Jumapili watoto nikawatuma kanisani. Mimi, mtu wa kwaya, nikaenda kujibanza nyuma ya kichuguu kilichopo ukingoni mwa shamba. Nawaambia kweli, niliogopa. Lakini mnajua nini? Moyo wangu mwingine ulitaka awe yeye. Nilimkumbuka sana mume wangu. Nilitaka anitazame, aniambie nimletee maji.

Jua lilipoanza kuchoma, nikasikia vishindo kwenye njia ya Mtera. Mtu mrefu akajitokeza vichakani, koti lile, buti zile. Nikafumba macho. Nikasema, Yesu, nimekufa leo. Ndipo upepo ukaniletea harufu. Nikanusa. Nikanusa tena. Samaki wa kubanikwa!

Nikajiambia, Damari, lini umesikia msukule ananuka samaki?

Nikafumbua macho. Nyuma ya yule mrefu walikuwapo wengine wawili, na majembe begani. Mmoja alikuwa anasema lugha ile ya upande wa Chemba, ambayo ulimi unalia ta! ta! mdomoni, mwingine anacheka. Wakajipanga mstari, wakainama pamoja, wakaanza kupalilia. Nikashindwa kuvumilia. Nikachomoka na mguu wangu mbovu, nikapiga kelele, "Kwa jina la Yesu, nyie ni akina nani?"

Yule mrefu akaangusha jembe. "Astaghfirullah! Shemeji, utatuua!"

Alikuwa Ramadhani, mtu wa Kondoa, rafiki wa Yoramu wa jeshini. Siku ya msiba nilimwona mara moja tu, nami nilikuwa ndani na wanawake. Siku ile ya kumaliza matanga, ndugu wa marehemu waliotoka mbali waligawa nguo zake, na koti na buti wakampa Ramadhani kwa heshima ya urafiki wao. Hakuna aliyefikiria kuniambia! Baada ya biashara kufunguliwa, yeye na wenzake hawa wawili, askari wa zamani kama yeye, walihamia Mtera, kwenye bwawa, kununua samaki, kuwabanika na kuwauza.

"Kule vitani tulikubaliana," akaniambia. "Atakayetangulia, shamba lake lisilale magugu maadamu sisi tuna mikono. Yoramu ametangulia."

"Sasa kwa nini mje kwa kujificha?"

Akatazama chini, mtu mzima yule. "Shemeji, wewe ni mjane. Wanaume watatu wakionekana shambani mwako, watu watasema nini? Tukaona heri tuje wakiwa kanisani. Tulikuwa tunalinda jina lako."

Jina langu! Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mtama. Nikawaambia yote, msukule, kwaya, mtoa uchawi. Wakatazamana. Yule wa Chemba akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Twendeni kanisani," nikasema. "Sasa hivi."

"Shemeji, sisi ni Waislamu."

"Mlango wa kanisa hauna dini. Simameni hapo."

Ibada yetu haina haraka, tulikuta mahubiri bado yanaendelea. Ramadhani aliposimama mlangoni na koti lile, jua nyuma yake, mbona kanisa lilipasuka! Watu walilia "Yoramu! Yoramu!" Mzee mmoja wa kanisa, simtaji, aliruka nje kupitia dirishani. Mchungaji peke yake alibaki mahali pake, na mimi nadhani ni kwa sababu miguu ilikataa.

"Mimi si msukule," Ramadhani akasema. "Nina wake wawili Mtera. Waulizeni kama msukule anadaiwa vitenge." Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili, hofu ikaanza kushuka. Akawaeleza yote niliyowaeleza ninyi. Kisha akavua kofia, akasema hawamlimii Yoramu tu, wanapalilia na mashamba mengine ya wenzao. Akaanza kuwataja waliotangulia, jina baada ya jina, taratibu. Katikati ya majina yale akasema, "Na Lazaro wa hapahapa, ambaye hakuacha shamba, maana alikuwa bado kijana."

Bibi Mbeleje akasimama kwa fimbo yake.

"Lazaro unamjua?"

"Namjua, mama. Tulimzika sisi wenyewe. Yoramu ndiye aliyechimba. Tulidhani alishakuambia."

"Hakuniambia."

Mimi, na udadisi wangu wote, nilidhani atauliza nani alimpiga, au mahali gani. Bibi akamsogelea, akainua uso kumtazama, maana Ramadhani ni mrefu. Akamuuliza, "Siku ile alikuwa amekula?"

Ramadhani akainama kumfikia.

"Alikula, mama. Ugali wa moto. Yoramu alimsogezea na fungu lake mwenyewe, akamwambia, kula ushibe, mama yako akiniuliza nitamjibu nini?"

Bibi akaitikia kwa kichwa. "Basi," akasema. "Sasa naweza kumlilia." Akakaa sakafuni, akaanza kilio kile cha kwetu cha mama aliyefiwa, nasi wanawake wote tukaenda tukakaa naye, wale walionikimbia kisimani na mimi, bega kwa bega. Ibada ikageuka matanga ya Lazaro. Mtoa uchawi alipofika alikuta kijiji kizima kiko msibani. Akapewa uji, akanywa, akaenda zake.

Ndugu zangu, Bwana ameniokoa! Aliniokoa na kunyolewa, akanirudishia watoto na majirani, na aliwatumia watu wa Mtera wanaonuka moshi. Usiogope kumuuliza Mungu wa namna hii. Jambo likikutisha, mwombe, kisha nenda ukaliangalie jua likiwaka. Mwamini, yuko upande wa wanaotafuta kweli.

Na leo sitaki mniitikie amina halafu mkae kimya. Najua humu ndani wamo walio na askari wao ambaye jina lake halijatajwa miaka mingi, kwa kuwa hapana kaburi, au kwa kuwa aliyerudi hakuweza kusema. Tuwataje. Naanza mimi: Yoramu, mume wangu. Haya, wewe mama uliyekaa pale nyuma, unayefuta macho kwa khanga. Simama, mama yangu. Wako aliitwa nani?