Ukaguzi wa Mikono

Basi la Kosta lilikuwa limeshaiacha Segese wakati wanawake wawili nyuma ya Clemens walipoanza kubishania jengo la maktaba, ambalo sasa limegawanywa vyumba vya mafundi na wafanyabiashara wadogo.

"Mmewanyima watoto pa kusoma," alisema wa kwanza. Alikuwa mwalimu, sauti tu ilitosha kumtambulisha.

"Mayu, mama yangu, nani alikuwa anasoma mle?" akajibu mwenzake, fundi cherehani. "Sisi tulitoka kwenye makarasha, kusaga mawe ya dhahabu, vumbi mpaka kwenye kope. Yule mzee wa maktaba anakagua mikono mlangoni: 'Kanawe kwanza!' Na maji yenyewe ya kununua. Mle ndani nimeingia mara ya kwanza nimebeba cherehani."

"Alikuwa analinda vitabu."

"Kweli alivilinda. Tumevikuta vipya kabisa."

Clemens, ambaye ndiye mzee mwenyewe, akashusha kofia hadi puani. Upya wa vitabu vile ndio aliojivunia hadi anastaafu.

Kwenye stendi ya Kahama, fundi akampisha ashuke, bila kumtambua. "Shikamoo, baba. Ukiwa na suruali ya kupunguza, njoo pale maktaba. Siku hizi hatukagui mikono."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, mikono ameshaificha mifukoni.