Mwalimu Kokugonza na Bonde Lake la Vyura (1963–2025)

Jirani yetu, Mama Winnie, aliwahi kumuuliza Celestina: "Hivi dada yako, msomi mzima, kila jioni anachutama matopeni kurekodi vyura. Mmeshamwombea?" Celestina alikuwa ameshasali rozari nzima. Dada akarudi na tope hadi magotini, akaomba chai.

Dada huyo ndiye marehemu, Mwalimu Kokugonza Byabato, mtoto wa pili wa mzee Alexander Byabato na mama Getruda. Alizaliwa Kamachumu, Kagera, tarehe 3 Mei 1963. Alisoma shule ya msingi hukohuko, sekondari Bukoba, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuanzia 1990 hadi alipostaafu mwaka 2023 alifundisha biolojia chuo cha ualimu Butimba, Mwanza.

Mwaka 1994 alifunga ndoa na bwana Masele Ngosha, wakajenga hapa Usagara. Viwanja vikavu vilikuwepo tele. Yeye akachagua chenye bonde la maji. Humo waliishi vyura wa aina mbili, sura karibu moja, milio mbalimbali. Alieleza, hata kwa asiyeuliza, kwamba ubongo wa jike huchambua mlio wa dume la aina yake katikati ya kelele zote. Na kwamba aina hizo zikikaa bwawa moja vizazi na vizazi, milio huzidi kuachana ili majike wasikosee. Basi nyumba nzima ikanyamazishwa miaka thelathini. Ikifika jioni redio marufuku, kutwanga marufuku. Celestina, aliyehamia kwao kumsaidia kulea, aliambiwa hata Salamu Maria asali kimoyomoyo.

"Dada, yaani Mungu naye amsubiri chura?"

"Atasubiri. Si ndiye aliyemuumba?"

Aliugua figo tangu Machi 2024, akafariki hospitalini Mwanza, Jumanne tarehe 18 Novemba 2025.

Juzi mwenyekiti wa kamati ya mazishi, shemeji Shimba, alileta lori la kifusi afukie bonde, apate pa kuweka maturubai. "Sogea shemeji," akamwambia Celestina, "wageni mia tatu hawa tutawaweka wapi?" Celestina, aliyechoshwa na vyura kuliko mtu yeyote Usagara, alisimama mbele ya lori na rozari yake mpaka likageuza. Ndiyo sababu leo mmebanana barabarani, na wengine mmesimama juani. Mtusamehe.

Ameacha mume, watoto wawili, Selina na Malimi, wajukuu watatu, na mdogo wake Celestina. Bwana ampokee na ampe pumziko lake. Neno la mwisho alilomwachia mdogo wake ni hili: "Bonde wasilifukie. Na mkishanizika, zimeni spika mapema, vyura waanze."