Aliyekataa Kuziba Matundu ya Boti Namba Saba

Boti namba saba imepita ukaguzi na itarudi majini Jumanne, tarehe 28 Julai, matundu yake sita ya hewa yakiwa wazi na mbao zake zote zikiwa mahali pake. Hayo yalisemwa Ijumaa iliyopita na mkaguzi wa vyombo vya uvuvi, aliyeongeza kwamba amewahi kukagua boti mpya zinazopitisha hewa kidogo kuliko hii ya miaka arobaini na moja. Siku tatu baada ya boti kushuka, Ijumaa tarehe 31, seremala mkuu wa karakana yetu atastaafu. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na minne na miezi mitano.

Hayo ya boti yasingewezekana kama seremala huyo angefanya alivyoambiwa.

Sote tunamwita Mama Msasa. Kwenye daftari la mahudhurio ana jina jingine, ila anayelitumia ni karani peke yake. Jina la Msasa alilipata mwaka wake wa pili, kwa sababu kila siku mfuko wa aproni yake una kipande cha msasa kilichokunjwa mara nne, na mkono wake haujui kukaa bure. Amewahi kulainisha pembe ya meza ya meneja huku meneja huyo akimsomea barua ya onyo. Barua ilipokwisha, pembe ilikuwa imepungua na vumbi limejaa kwenye kidau cha wino. Fundi injini husema ukisimama karibu naye dakika tano bila kusogea, unaondoka huna ngozi.

Aliajiriwa kufagia maranda. Seremala mkuu wa wakati huo, akimwona anaokota vipande vya mbao na kuvipiga randa saa ya chai, alitangaza mbele ya watu kwamba mwanamke huyu hamalizi wiki mbili. Amewaaga maseremala wakuu wanne tangu hapo, yule akiwa wa kwanza. Mwaka wa sita alipewa benchi lake. Mwaka wa kumi na tisa alipewa karakana nzima ya mbao, na mafundi kumi na wanne walioko kwenye boti na karakana mbalimbali leo walishika patasi kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama upande wake wa kushoto. Upande wa kulia haruhusu mtu. Anasema ndiko mkono unakorudi.

Hana tabia nyepesi. Hasalimiki kabla ya chai. Fomu za kompyuta alizikataa miaka mitatu mfululizo, akajaza za karatasi na kumpelekea karani, ambaye alizinakili kwenye kompyuta. Mumewe, fundi cherehani, ametuambia kwamba nyumbani kwao hakuna kiti chenye vanishi yake ya dukani, na kwamba wageni huonywa wasiache fimbo mlangoni.

Sasa boti namba saba. Ilipandishwa chelezoni kwa matengenezo Jumatatu, tarehe 11 Mei. Ni boti ya mita kumi na sita, hulala watu wanane, na ndiyo ya mwisho kwenye kundi letu ambayo chumba cha nahodha na chumba cha kulala vimezungushiwa mbao za mtiki: fremu za madirisha, kingo za milango, papi ndefu zinazoshika kuta. Kwa macho, mbao zilikuwa zinang'aa. Mama Msasa alichukua bisibisi nyembamba akaigusisha kwenye fremu ya dirisha la pili. Bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini, bila kusukumwa.

Alipima papi na fremu thelathini na moja kwa namna hiyo. Zote zilikuwa zimeoza kutokea nyuma, upande unaotazama ukuta, kila moja kwa kiasi chake. Upande wa mbele ulibaki na vanishi nzuri, mithili ya yai viza lenye ganda safi.

Meneja alikuja na mpango siku iliyofuata. Mbao zote zing'olewe, kuta zibandikwe plastiki, matundu ya hewa yazibwe kabisa, na feni moja ya umeme ifungwe darini. Siku tisa za kazi. Karatasi ya kukamilisha ilihitaji sahihi ya seremala mkuu, na bila karatasi hiyo mkaguzi hapokei boti.

Mama Msasa alisema hatatia sahihi. Sababu yake ilikuwa fupi. Feni inaishi kwa betri. Betri ikifa, injini ikiwa imezimwa na jiko limewashwa, watu wanane wamelala kwenye chupa iliyofungwa kizibo.

"Mama, umebakiza wiki kumi na moja tu," meneja alimwambia, mbele ya watu wanne waliokuwa wakijifanya wanatafuta misumari. "Tia sahihi hapa, ukapumzike kwa amani."

"Wiki kumi na moja ni nyingi, mwanangu. Mlango wa ofisi yako niliutengeneza kwa siku mbili."

Hapo suala lingeweza kuwa la fundi mkaidi na meneja mwenye haraka, na wengi wetu tulilichukulia hivyo. Lililofuata halikuwa na shahidi, na tunalijua kwa kuwa yeye mwenyewe alilisimulia.

Alhamisi ya wiki hiyo alipanda juu ya paa la chumba cha kulala, peke yake, kufungua kofia za matundu. Ni kofia za shaba, za duara, zenye kivuli kama uyoga, na zilikuwa zimepigwa rangi mara kumi na moja, moja juu ya nyingine. Alihesabu. Alipoing'oa ya kwanza alitegemea kuona giza la chumba chini yake. Aliona kibao cha mduara, kimekaa sawasawa ndani ya tundu, kimezungushiwa gundi isiyopitisha hata maji ya chumvi. Alikitoa kwa patasi akakigeuza. Nyuma kulikuwa na tarehe ya miaka kumi na tisa iliyopita, kwa penseli, na alama ya vema. Ulikuwa mwandiko wake.

Ndipo akakumbuka. Mpishi wa boti wakati huo, ambaye leo yuko kwenye kantini yetu, alikuwa anadondokewa na maji kitandani kila mawimbi yaliporuka. Alilalamika mara tatu. Mara ya tatu alileta godoro lenyewe, limelowa, akaliweka juu ya benchi la Mama Msasa. Siku hiyohiyo matundu matatu ya chumba cha kulala yalizibwa. Kofia zikarudishwa juu, zikipendeza, na hata zikizungushwa zilizunguka. Kazi ilifanywa vizuri mno, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Hakuna nahodha, fundi wala mkaguzi aliyetambua kwamba chumba hakipumui. Mvuke wa jiko na wa watu wanane uliingia nyuma ya mbao na kukaa humo. Kwa miaka kumi na tisa karakana hii ililaumu vanishi. Mama Msasa mwenyewe alibadilisha aina ya vanishi mara tatu na kumwandikia muuzaji barua mbili kali.

Kibao kile kina upana wa kiganja. Pipa la takataka lilikuwa hatua sita kutoka ngazi. Alikitia mfukoni, pamoja na msasa, akaenda ofisini na kukiweka mezani kwa meneja.

"Tundu hili nililiziba mimi. Mwandiko wangu huo. Mbao zote zile nimeziozesha mimi."

Meneja alikitazama kibao, akaona njia. Alisema kwamba ikiwa yeye mwenyewe aliziba, basi hana mdomo wa kuwakataza wengine.

"Ndiyo maana nakukataza," Mama Msasa alijibu. "Hicho unachotaka kufanya, mimi nimeshakifanyia majaribio miaka kumi na tisa. Matokeo yako chelezoni, nenda ukayachokonoe."

Jumatatu iliyofuata alipewa barua ya kuchukua likizo yake yote iliyolimbikizwa, siku arobaini, kuanzia siku hiyo. Alijibu kwa penseli nyuma ya karatasi ya msasa na kuibandika kwenye ubao wa matangazo, ambako ilikaa siku nne kabla ya mtu kuiondoa. Iliandikwa: "Likizo nitaanza tarehe 31 Julai. Itakuwa ndefu." Kesho yake saa moja na nusu asubuhi alikuwa juu ya paa la boti na tupa mkononi. Mlinzi alipoulizwa kwa nini amemfungulia geti, alisema geti hilo ukingo wake ulipigwa randa na Mama, naye haoni atamzuiaje nalo.

Aliyevunja mkwamo ni nahodha wa namba saba. Alikwenda kwa meneja na watu wake saba, wakasimama ukumbini kwa sababu ofisi haikuwatosha. Alisema boti itakayozibwa watampa meneja aijaribu kwanza: usiku mmoja, jiko limewashwa, feni imezimwa. Hakuna aliyepaza sauti. Meneja aliwaomba wamsubiri hadi asubuhi, na asubuhi alitoa wiki sita, kwa sharti moja. Tone moja la maji likianguka kitandani, plastiki inabandikwa.

Kofia zililazwa kwenye siki na chumvi mpaka shaba ikajitokeza. Mbao kumi na tisa ziliokolewa: alikata palipooza, akaunga kipande kipya kwa mkato wa mshazari mrefu, na leo kiungo hicho unakipata kwa ukucha tu, kwa jicho hukioni. Kumi na mbili hazikuwa na la kuokoa. Mtiki mkavu wa namna ile haupatikani siku hizi kwa kuagiza, lakini ulikuwepo ghalani, kwa umbo la meza ya mikutano iliyovunjika mguu na kulazwa huko miaka sita. Aliiomba kwa maandishi mara mbili. Hakujibiwa, akachukulia kwamba hakuna pingamizi. Mtunza ghala alipofika alikuta miguu mitatu, imepangwa vizuri ukutani.

Yale maji ya mpishi aliyashughulikia kwa kitu rahisi. Chini ya kila kofia aliweka sanduku dogo la mbao lenye kibao kilichosimama katikati. Hewa hupita juu ya kibao na kuingia chumbani. Maji hugonga kibao, huanguka, na kutoka nje kupitia vitundu viwili. Wazo hilo si lake na hakudai kuwa ni lake. Alisema tu kwamba alipaswa kulifanya siku ile godoro lilipokuja, na kwamba aliona uvivu.

Jaribio lilifanyika tarehe 3 Julai. Meneja alishika mpira wa maji mwenyewe na kuuelekeza kwenye matundu kwa dakika ishirini, akitafuta kila pembe. Mpishi alilazwa kwenye kitanda chake cha zamani, gazeti limefunguliwa kifuani.

"Shemeji, umelowa?" Mama Msasa aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimelala usingizi, mnaniamsha. Gazeti kavu. Habari zilizomo ndizo mbaya."

Meneja alizima maji, akashuka, akapitisha kiganja kwenye godoro toka mto hadi miguuni. Kisha akapitisha kiganja hichohicho kwenye papi ya dirisha la pili, polepole, akaomba kalamu.

Mkaguzi alipokuja wiki mbili baadaye aliwasha kamba inayofuka moshi ndani ya chumba, injini ikiwa imezimwa. Moshi ulikwisha kwa dakika tatu na nusu.

Karatasi ya kukamilisha ina sahihi ya Mama Msasa. Kwenye nafasi ya maelezo, ambapo wengi wetu huandika "hakuna", ameandika: "Chanzo cha uharibifu: seremala wa zamani. Ndiye aliyetengeneza." Meneja alimshauri aifute sentensi hiyo. Alikataa, na karatasi imeingia kwenye faili ikiwa nayo.

Kabla ya faili kufungwa, meneja alimuuliza kama kuna boti nyingine. Hakusita. Alisema ni namba tatu, matundu mawili, wiki ileile. Nahodha wa namba tatu alipoambiwa alisema kumbe ndiyo maana vijana wake huamka na vichwa vinavyouma.

Mama Msasa, karakana hii inakushukuru kwa mikono yako na kwa shingo yako ngumu. Uliowafundisha wameshika kazi, na uliowasumbua wamenyooka. Nenda ukaishi vyema na mumeo, ukiwa na afya na usingizi mzuri, na viti vya watu uviache jinsi ulivyovikuta ikiwezekana.

Boti namba tatu itapandishwa chelezoni Jumatatu, tarehe 3 Agosti, saa mbili asubuhi. Kazi ya kwanza kwenye orodha ni kufungua kofia zote. Meneja amemwandikia mstaafu kibali cha kuingia getini siku hiyo.