Mwalimu Umurerwa na Sauti Zilizojaza Diski

Baada ya kufundisha miaka thelathini na mmoja, Mwalimu Drocella Umurerwa anastaafu tarehe 30 Julai 1999. Shule yetu hapa Gisenyi inampoteza, na tusidanganyane, hatuna wa kuziba pengo.

Alianza na Kifaransa. Kiingereza kilipoingia shuleni alikuwa amevuka hamsini, akakianza pamoja na wanafunzi wake. Elimu haina mwisho, ila matamshi yake siku zile! Mwalimu Kenny, aliyekulia Uganda, alicheka hadi akatoka darasani. Bi Drocella hakununa. Kompyuta ya msaada ilipofika mwaka 1996, yeye ndiye aliyefungua boksi.

Mwanafunzi alivaa hedifoni, akamsikiliza Mwingereza aliyerekodiwa humo, akarudia sentensi kwenye maikrofoni. Skrini ilichora sauti kwa mistari miwili ya kupanda na kushuka, wa Mwingereza juu na wake chini. Wanafunzi waliiita michoro ile Karisimbi, kama volkano yetu, na kila mmoja alihangaika mlima wake ufanane na ule wa juu. Matamshi yakanyooka, hata Kenny akaacha kucheka.

Sauti zao zilibaki kwenye diski, na Julai 1996 Bi Drocella alizifuta zote ili wapya wapate nafasi. Mwaka 1997 alifuta pia, akasifiwa kwa kazi safi. Likizo ile vita vya waasi vilipamba moto milimani, na watoto kadhaa hawakurudi. Mama Libérata, aliyempoteza mmoja wao, akashuka kwa miguu kutoka Mudende, maana alisikia mashine ya shule inatunza sauti. "Mwalimu, mi sitaki Kingereza," alisema. "Nipe tu nisikie mutoto yangu." Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Bi Drocella alimkalisha mbele ya mashine tupu, wakalia wote wawili.

Tangu hapo hakufuta tena. Mwaka 1998 nao ulichukua watoto wetu, na sauti zao zimo. Sasa diski imejaa, wanafunzi wapya hawarekodi, matamshi yameporomoka. Pa kuzihamishia sauti hatuna. Kikao cha walimu kimeamua Kenny azifute zote Septemba. Bi Drocella alikuwepo na hakupinga. Aliomba tu asiwe karibu siku hiyo.

Tulitaka kuandika kwaheri ya kicheko, imetushinda. Asante, Mwalimu, kwa ndimi zote ulizozinyoosha. Nenda Rubona kwa wanao, ule samaki, ulale usingizi. Na mzazi akija kukuulizia sauti ya mwanawe, tafadhali usimwelekeze kwetu.