Chupa Nyekundu ya Dada

Benchi ni langu, maneno ni yao. Mimi nashona viatu hapa ubavuni mwa stoo ya saruji, na kila asubuhi wanakuja watu wale wale kunizibia mwanga. Yuko Meneja, ambaye maisha yake yote alikuwa mlinzi wa geti. Kazi aliiacha, kuamrisha watu hakuacha. Yuko Chanzo, fundi wa simu, ambaye kila uongo wake una chanzo cha kuaminika. Na yuko Bwana Haraka, jina tulilompa kwa sababu tangu azaliwe hajakimbilia kitu. Jana Bwana Haraka alisafiri kwenda kwa dada yake mkubwa. Hawajasemezana miaka tisa, tangu siku ya kumzika mama yao, aliposimama mbele za watu akasema dada alimuuguza mama ili arithi cherehani. Mwezi huu dada mwenyewe ndiye aliyeita: njoo mdogo wangu, tuyamalize. Basi leo hakuna aliyechelewa kijiweni. Bwana Haraka kaja na chupa mpya ya chai, nyekundu, imejaa kahawa, anatumiminia, na sisi tunangoja habari.

Meneja: Toa ripoti. Mmepatana?

Bwana Haraka: Ngoja, nafika huko. Basi limenishusha saa tatu asubuhi. Kwa dada si mbali. Unavuka soko, unapita mashine ya kusaga, mlango wa buluu. Dakika kumi tu.

Meneja: Ukavuka.

Bwana Haraka: Mikono mitupu? Baada ya miaka tisa? Mkono mtupu haulambwi, bwana. Nikasema nimchukulie chupa ya chai.

Chanzo: Hapo umefanya kiutu uzima.

Bwana Haraka: Sasa muuza chupa wa kwanza, muungwana! Akaniambia, mzee, usinunue kwa macho. Akajaza maji ya moto, akafunga, akasema rudi baada ya saa mbili. Yakiwa yamepoa, usinunue kwangu.

Mimi: Ukakaa saa mbili unangoja maji?

Bwana Haraka: Sikukaa. Nilitembea. Mwenda pole hajikwai. Nyuma ya wauza ndoo kuna mama anakaanga mihogo. Anaupasua katikati, anausugua na ndimu na pilipili, akikupa anakukazia macho mpaka umeze. Ukimeza ndiyo anamhudumia mwingine.

Meneja: Laini?

Bwana Haraka: Unavunjika wenyewe.

Nakiri kwamba hapo hata mimi sindano ilisimama. Meneja alimeza mate kwa sauti, akasogeza kikombe kiongezwe.

Bwana Haraka: Sasa muuza chupa wa pili alinisikia namsifu mwenzake. Akakasirika. Akajaza na yeye ya kwake. Saa mbili! Nikawa na chupa mbili kwenye mtihani.

Meneja: Huwezi kuondoka katikati ya mtihani. Hiyo ni kanuni.

Bwana Haraka: Ndiyo nikala mahindi.

Chanzo: Simama hapo hapo. Nina chanzo cha kuaminika. Wauza chupa na wauza chakula ni kitu kimoja. Wameoana. Kwa nini iwe saa mbili? Kwa nini isiwe dakika ishirini? Kwa sababu tumbo likishashiba linadai tena baada ya saa mbili!

Meneja: Na wachoma mahindi je? Uliwahi kumwona mchoma mahindi amekaa moshi unamrudia mwenyewe? Hukai pale bila kupangiwa. Ule moshi unatumwa.

Chanzo: Niendelee au ninyamaze? Soko siku zote liko wapi? Katikati ya stendi na nyumba ya ndugu yako. Mji wowote ule! Wanafanya makusudi, watu wasifikiane. Ndugu wote wakipatana, nani atanunua zawadi za kuombea radhi? Biashara itakufa.

Meneja: Kumbe tunatawaliwa na chupa.

Walicheka, na Bwana Haraka alicheka kuliko wote. Akataja mayai ya kuchemsha yenye kachumbari, akataja juisi ya miwa, akataja mtu anayeuza kofia huku anakata nywele. Mimi kiatu cha watu kilikuwa kinaningoja, na subira imeniishia.

Mimi: Haya, chupa zilipoa?

Bwana Haraka: Zote za moto. Ikabidi nichague kwa rangi.

Mimi: Kisha?

Bwana Haraka: Kisha ilikuwa saa tisa na nusu. Nimesimama kwenye kona ya mashine ya kusaga. Mlango wa buluu nauona. Uko wazi.

Meneja: Ukaingia.

Bwana Haraka: Basi la mwisho linaondoka saa kumi. Nikajiuliza, niingie nusu saa? Mambo ya miaka tisa niyaseme kwa nusu saa? Si nitakuwa nimemdharau?

Alisema hivyo huku anaifuta chupa kwa kiganja, na haikuwa na vumbi. Kumbe hakuwa anapima chupa. Alikuwa anaogopa. Nilimwonea huruma, na nikamkasirikia vilevile, kwa sababu lile neno la cherehani nililisikia kwa masikio yangu siku ile, na dada wa watu hakujibu kitu.

Lakini kijiwe hakimwachi mtu wake azame.

Meneja: Haraka haraka haina baraka.

Chanzo: Tena damu nzito kuliko maji. Kitu kizito kiende taratibu, la sivyo kinamwagika.

Mimi: Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Chanzo: Hilo ni la watoto, fundi. Huyu alikuwa anakwenda kwa dada.

Mimi: Na nyumbani umesemaje?

Bwana Haraka: Nimesema dada hajambo, anawasalimu.

Mimi: Na chupa?

Bwana Haraka: Nimesema kanipa yeye. Ningesemaje? Mtu anakwenda na zawadi anarudi nayo?

Meneja alikuwa anaandaa hukumu kwamba uongo wa kujenga si uongo, nikamwona mke wa Bwana Haraka anavuka barabara. Bado amejifunga aproni ya kazini, simu ameishika mkononi mbele yake kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa.

Meneja: Shemeji, karibu! Tupo tunakunywa kahawa ya wifi yako.

Mke: Asanteni, shemeji zangu. Sikai.

Akaitazama chupa, akamtazama mumewe.

Mke: Nimempigia wifi kumshukuru. Kaniuliza, chupa gani?

Bwana Haraka akaisogeza chupa nyuma ya mguu wake.

Mke: Hajakasirika. Anasema jana alipika, akafunika, akakaa mlangoni mpaka jua likazama. Yuko hewani hapa, nimeweka sauti ya juu. Ana swali moja tu: mdogo wangu ulikula wapi?

Jibu tulilijua sote. Tulilijua na ndimu yake na pilipili yake. Meneja akainua kikombe kitupu akanywa. Chanzo, mwenye chanzo cha kila kitu, akainama chini ya benchi kutafuta skrubu ambayo haikuanguka. Mimi nikajidunga sindano kidoleni nikashukuru kupata cha kushughulikia.

Bwana Haraka akachukua chupa amiminie mkewe, labda apate muda. Likatoka tone moja, basi. Tulikuwa tumeimaliza.

Akapokea simu. Upande wa pili hapakuwa na maneno, palikuwa na cherehani inashona polepole. Aliposogeza simu mdomoni, ikasimama.

Bwana Haraka: Dada.

Akaiweka chupa chini, akaishika simu kwa mikono miwili. Na cherehani haikuanza tena.