Swali la Mama Léonie wa Keshero

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa! Wewe uliye jikoni, wewe uliye dukani, punguza kelele kidogo unisikie.

Mgeni wangu haombi chakula wala kiti. Anaingia kwa sikio. Hatoki mpaka umutolee mwenzake kwa mdomo. Ni nani?

Fikirini. Namusikia mama mmoja kule Katoyi anasema ni wimbo. Hapana, mama. Papa mmoja anasema ni habari mbaya. Hapana, papa, umekaribia lakini hapana. Mumeshindwa? Basi nipeni mji. Haya, nimechukua Rutshuru, pamoja na mashamba yake yote ya maharagwe.

Jibu ni swali. Swali linaingia kwa sikio, linakaa humo ndani, na halitoki mpaka jibu lipitie kwa mdomo.

Ni mimi, koko yenu Aurélie, bibi yenu wa redio. Leo tunamukumbuka mama mmoja aliyefanya kazi ya Mungu kwa swali moja tu. Jina lake ni Mama Léonie Zihindula. Wengi mulimuita Mama Léonie wa Keshero. Alitutoka Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Tulimuzika Jumamosi. Na yale niliyoyaona Jumamosi kaburini, wapendwa, mimi na uzee wangu huu sijawahi kuyaona.

Mama Léonie hakuwa mchungaji. Hakuwa mwalimu wa chuo. Alizaliwa Walungu, upande wa Bukavu, akasoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya msingi, akaishia hapo. Alikuja Goma kwa kumufuata bwana yake, papa Ferdinand, aliyekuwa karani. Papa Ferdinand akafa. Mama Léonie akabaki na binti yao, jina lake Mimi, na nyumba ya mawe ya volkano mtaani Keshero, na vyumba viwili vya nyuma walimokaa wanafunzi.

Mama huyo wa mwaka wa sita, wanafunzi wa vyuo vikuu walimuogopa kuliko jury, wale walimu wanaowatahini. Sichezi. Kuliko jury!

Ilianza hivi. Miaka kumi na sita iliyopita, mwanafunzi mmoja aitwaye Ézéchiel, kijana wa Masisi, alikuwa amekaa kwa ngazi ya nyumba analia. Alisoma mambo ya ugonjwa wa ng'ombe. Siku ile alikuwa amesimama mbele ya jury kutetea kazi yake ya mwisho, ile tunaita défense, na maneno yote yakamupotea.

Mama Léonie akamuuliza:

— Papa, unalia kama mutu aliyefiwa. Kuna nini?

— Mama, nimeanguka.

— Umeanguka wapi? Sioni damu.

— Kwa défense, mama.

— Aa. Basi ingia, unieleze mimi hiyo kazi.

— Mama, iko ya Kifaransa.

— Kumbe ng'ombe wa Masisi wanagonjwa kwa Kifaransa?

Ézéchiel mwenyewe ndiye alinisimulia haya, na alicheka mpaka akafuta macho. Akaingia. Akaeleza kwa Kiswahili, polepole, mama akichagua maharagwe kwa lungo. Alipokwama, mama akamwambia, "Hapo haujaelewa wewe mwenyewe, rudia." Akarudia. Jua likageuka, wakamaliza. Ndipo Mama Léonie akauliza lile swali. Ndiyo mara ya kwanza liliulizwa.

— Sasa, hii kazi yote ni ya nani?

— Ni ya wafugaji, mama.

— Wafugaji ni wengi. Nipe mutu mmoja, na jina lake.

Ézéchiel akasema, "Iko muzee mmoja jirani ya baba, anaitwa Nsanzimana. Ng'ombe wake wote walikufa mwaka mmoja. Anakaa tu, hatoki nje."

— Vizuri. Jumamosi tunaenda kumuona.

Na Jumamosi wakaenda! Wakapanda milima juu ya lori la makabichi. Wakakaa na muzee Nsanzimana, wakala naye viazi, wakamusomea Zaburi, wakaomba. Mutu aliyekuwa hatoki nje akawasindikiza mpaka barabarani. Ézéchiel akarudi kwa jury mara ya pili. Akapita.

Basi habari ikatembea. Wakaja wawili, wakaja watano. Ikawa kila Alhamisi, saa tisa ya mchana, meza ya Mama Léonie inajaa. Wakatoliki kama yeye, Waprotestanti, Waadventista, na wale wasiosali popote. Hakumuuliza mutu kanisa lake. Sheria ilikuwa moja mlangoni: "Kifaransa kiache pale kwa viatu, utakichukua ukitoka." Unapewa uji wa mutama. Unaeleza kazi yako. Kisha swali: kazi hii ni ya nani, kwa jina? Na ukishalitaja jina, Jumamosi kikundi chote kinakwenda nyumbani kwa mutu huyo. Munamutembelea, munaomba naye. Ndiyo maana jina halikutajwa ovyo. Ukilitaja, unakwenda.

Alikuwa anawaambia: "Yesu hakuponya umati. Aliponya mutu, halafu mutu, halafu mutu."

Namukumbuka Élodie, aliyesoma sheria. Alitaja mama mmoja aitwaye Nyota, aliyekuwa amefungwa miezi kumi na moja bila kuitwa mbele ya hakimu. Jumamosi wakaenda gerezani, mji sitautaja. Wanafunzi walibaki wamesimama. Mama Léonie akaketi chini kwa simenti, akamuvuta Nyota katikati ya magoti yake, akaanza kumusuka nywele. Hakuhubiri. Alisuka tu, akiimba Salamu Maria kwa Kishi, lugha ya kwao Walungu. Nyota akalia, Élodie akalia. Kisha Élodie akafuta machozi akatoa kalamu, akamuuliza tarehe aliyokamatwa. Leo Élodie ni avoka, wakili wa mahakamani. Na Nyota yuko huru.

Sasa nisikieni vizuri, maana hapa ndipo penye uzito.

Miaka mitatu iliyopita alikuja mezani kijana mmoja, Gentil Byiringiro, mutoto wa Rutshuru. Alisoma afya ya umma. Kazi yake ilikuwa juu ya maji na kipindupindu katika mtaa wa Katoyi. Alipita nyumba mia mbili, akapima maji ya kila bidon, yale madumu ya plastiki. Mutoto wa akili sana! Mimi, binti ya Mama Léonie, alikuwepo akigawa uji. Anasema Gentil alieleza mpaka wenzake wakasahau kunywa.

Mama Léonie akauliza: kazi hii ni ya nani?

— Ni ya population ya Katoyi, mama.

— Population? Huyo population ana mama? Asubuhi anakunywa chai ao uji?

Watu wakacheka. Gentil naye akacheka kidogo.

— Nipe jina, mutoto wangu.

Mimi anasema Gentil alifungua mdomo. Akaufunga. Uso wake ukabadilika.

— Sina jina, mama.

— Uko nalo. Nimeliona limefika mpaka kwa meno, ukalirudisha.

— Mama, sayansi haitaki majina! Inataka hesabu.

— Sawa. Lakini swali langu linabaki kwako. Nitangojea.

Gentil akakusanya karatasi zake, akavaa viatu, akaenda. Hakurudi tena Alhamisi. Uji wake ulibaki mezani.

Siku ya défense yake alipita vizuri mno. Munajua desturi yetu: mutu akipita, wenzake wanamumwagia poda na unga mpaka anakuwa mweupe kama mkate kabla ya moto. Gentil akatoka kwa portail, lango la chuo, mweupe mpaka kope, na nani amesimama pale? Mama Léonie. Ametoka Keshero kwa miguu. Akamukumbatia, kitenge chake kikajaa poda. "Hongera, mutoto wangu," akasema. Kisha kwa sikio: "Na jibu langu?" Gentil akapanda pikipiki. Akaenda kufanya kazi Bukavu.

Je, Mama Léonie alikasirika? Hapana. Binti yake ananiambia: "Koko, kila asubuhi akikunja blanketi alisema, Bwana, fungua kinywa cha Gentil, lakini usimuvunje meno."

Kisha zikaja zile siku za mapigano za mwezi wa kwanza mwaka jana. Sina haja ya kuzieleza, sote tulikuwa chini ya vitanda. Wanafunzi wa mbali walikwama katika nyumba zao za kupanga, hawana maji, hawana chakula. Mama Léonie alikuwa na miaka sabini. Aliweka sufuria ya maharagwe juu ya kichwa, akatoka mchana kweupe, akapita nyumba kwa nyumba akiita, "Wanafunzi wangu, muko wazima?" Akarudi na kumi na wawili. Wakalala kwake siku tisa. Na munajua aliwafanyisha nini siku hizo tisa? Kila mumoja alieleza kazi yake! Magloire, aliyesoma uchumi, anasema: "Vyombo vilitetemeka kwa kabati. Nikaacha kueleza. Mama akaniambia, endelea papa, ulikuwa kwa sura ya pili. Siku ile ndiyo nilijua kwamba Mungu yuko, kwa sababu yule mama alikuwa haogopi na mimi nilikuwa nimeshika mguu wa meza."

Wapendwa, mimi niliposikia hayo niliweka kikombe chini.

Mwezi uliopita moyo wake ukaanza kuchoka. Siku tatu za mwisho hakusema mengi. Jumatatu alimuuliza Mimi: "Gentil amejibu?" Mimi akaandika ujumbe, akautuma Bukavu: "Mama anauliza jibu lake." Akaona kwamba Gentil ameusoma. Hakuna kilichorudi. Jumanne, Mama Léonie akauliza tena, kwa macho tu. Mimi akatikisa kichwa. Mama akatabasamu, akasema, "Linakuja." Hilo ndilo neno lake la mwisho.

Jumamosi tukaenda kumuzika. Nilidhani kutakuwa na hotuba. Hakukuwa na hotuba! Ézéchiel alisimama karibu na jeneza akasema jina moja tu: "Nsanzimana." Akaweka udongo. Élodie akasema: "Nyota." Na Nyota mwenyewe akatoka kati ya watu, akasimama pembeni yake. Magloire akafuata. Wakafuata wengine, mumoja mumoja, kila mutu na jina lake. Wanasheria, wauguzi, walimu, mafundi wa umeme. Nilianza kuhesabu. Nilipofika themanini na saba nikaacha, machozi yalikuwa yamejaa miwani. Hata wachimba kaburi walivua kofia.

Nyuma kabisa alisimama kijana mumoja wa shati nyeupe. Zamu yake ilipofika, alisogea hatua mbili. Akageuka, akaondoka. Alikuwa Gentil.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yetu, natoa pole kwa Mimi, binti wa marehemu. Pole kwa ukoo wa Zihindula, wa Goma na wa Walungu. Pole kwa ninyi wanafunzi, ninyi watoto wake wa Alhamisi. Bwana amupokee mama yetu na amuweke mahali pa mwanga. Na sisi tuliobaki tujiulize, kila mutu na kazi yake: unayeshona, unayeandika ofisini, unayelima. Kazi yako ni ya nani? Usiseme ya watu. Tafuta mutu mmoja, na jina lake. Mimi mwenyewe nimekaa na swali hilo tangu Jumamosi, na usingizi wangu si ule wa zamani.

Lakini sijamaliza. Asubuhi hii, nikifika kazini, nilimukuta kijana kwa mlango wa redio. Akaniambia, "Koko, kule kaburini sauti ilikataa. Nisaidie." Sasa ameketi hapa mbele yangu, mikono juu ya magoti kama mutu wa mtihani. Gentil, mutoto wangu, sogea. Mikro iko yako. Mama Léonie aliuliza. Kazi yako ni ya nani?

— Asante, koko. Mama Léonie, ulisema kweli. Jina lilikuja siku ile ile mezani kwako. Ni mutu wa Katoyi, mwenye lango la bleu. Ni kaka mukubwa wa baba yangu. Mwaka tulipokimbia vita Rutshuru, tulibisha kwa lango lake na hakutufungulia. Yeye anajua sababu, mimi siijui. Tulikunywa maji ya ziwa. Mudogo wangu akashikwa na kipindupindu, hakupona. Nilipopita kupima maji, nyumba yake ilikuwa kwa liste. Alinifungulia, lakini hakunitambua. Bidon yake ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote mia mbili. Nikamuandika numéro cent quatorze, namba mia moja kumi na nne, bila jina, nikatoka bila kumwambia neno. Ningesema jina mezani, Jumamosi tungeenda kwake. Sikutaka apone, mama. Miaka mitatu sikutaka.

Pole, mutoto wangu. Pumua. Sema.

— Baba mukubwa, najua saa hii redio yako iko wazi. Numéro cent quatorze ni wewe. Usikunywe tena yale maji. Jumamosi tunakuja na dawa, mimi, na dada Mimi, na kikundi chote. Tunaomba utufungulie. Mama, kazi yangu ni ya Grégoire.